Makabidhiano ya Barua za Mama Yako

Mwanangu Hawa,

Salamu tutapeana kwa mdomo ukirudi kusukwa, kwa hiyo hapa naziruka. Ni saa tisa alasiri. Shangazi yako Mariamu amekupeleka kwa msusi kule Makole, na kwa wingi wa nywele zako najua hamtarudi kabla ya magharibi. Nina muda huo tu. Laptopu yako mpya iko mezani mbele yangu, na pembeni nimeweka karatasi na kalamu, maana jambo hili siwezi kukuandikia kwenye mashine. Mashine na mimi tuna ugomvi wa miaka kumi na minne, na leo utajua chanzo chake.

Mambo ya masweta, pasipoti na namna ya kuvaa soksi mbili sitayagusa. Shangazi yako ameyasema mpaka mbuzi wa jirani wameyakariri.

Juzi uliniuliza, "Baba, barua za mama umeshanihamishia?" Nikakwambia zinahama, ni nyingi, zinachukua muda wake. Jana ukaja tena, umesimama mlangoni na taulo kichwani. Nikakwambia bando limekata. Ukacheka. "Baba, kuhamisha barua kutoka kompyuta hii kwenda ile hakuhitaji bando." Nikakufokea, nikasema wewe na elimu yako ya chuo cha Chimwaga mtaniua kabla ya siku zangu. Ukaenda zako kupanga nguo. Hawa, sikukukasirikia wewe. Ulisema kweli, na mimi ukweli huo nimeukimbia muda mrefu, sasa miguu imechoka.

Barua za mama yako hazipo.

Nimeliandika, na mkono haujakatika. Sasa nikueleze vizuri, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaikunja karatasi. Ninachoogopa ni kimoja tu, kwamba baada ya leo hutaniambia tena jambo lako lolote. Utaona chini kwa nini hofu hiyo ina haki ya kuwepo.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipokwenda Uholanzi kusomea udongo. Alikuwa afisa kilimo, anazunguka kwa wakulima wa zabibu na buti zake zimejaa vumbi, na alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi: kwa nini shamba hili linazaa na la jirani linakauka, wakati mvua ni ile ile. Akapata nafasi ya miaka miwili. Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Watu wa kwetu Kondoa walinisema sana, eti mwanamume gani anaachia mke aende Ulaya na mtoto bado mdogo. Nikawaambia mtoto ana baba.

Nikanunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, ile iliyokuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Unaikumbuka, ulikuwa unaiita bibi. Ndani yake kulikuwa na programu ya barua pepe yenye alama ya bahasha. Bando lilikuwa ghali, kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nachomeka modemu, programu inavuta barua zote za wiki, nachomoa modemu haraka, halafu tunasoma kwa raha zetu bila bando kuliwa. Wewe ulikaa gotini kwangu, vidole bado vina mlenda, unaniambia, "Rudia hapo." Nilirudia. Alikuandikia juu ya baiskeli, bata, na bibi mmoja jirani yake aliyemfundisha kufuma. Mimi aliniandikia mengine, na hayo nilikuwa nayaruka.

Siku moja alipiga simu analia. "Baba Hawa, barua yangu imerudi. Kwani hamnitaki tena?" Nikamwita Yoeli, yule fundi wa kompyuta, wakati huo hana hata duka, anatembea na begi tu. Akanieleza kwamba kisanduku chetu kule kwenye kampuni ya mtandao ni kidogo na kimejaa. Akanionyesha mahali penye tiki: acha nakala huko. "Ukiitoa tiki hii, mzee, programu itachukua kila kitu ikuletee nyumbani, kule isibaki kitu. Kisanduku hakitajaa tena. Ila zitakuwa hapa tu." Nikaitoa tiki kwa mkono wangu mwenyewe. Sikutaka barua ya mama yako irudishwe tena mlangoni.

Mwezi mmoja kabla ya kurudi, homa ya mapafu ikamchukua. Mazishi unayakumbuka, sitayarudia. Nitakwambia tu kwamba nilipotoka makaburini Kondoa nilijifariji kwa jambo moja: sauti yake iko nyumbani, Nkuhungu, ndani ya mashine inayovuma.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Unajua kazi niliyofanya maisha yangu yote. Karani wa masjala. Kutunza barua za watu. Ofisi ikihama, sisi hatubebi tu mafaili tukaenda. Tunakaa makarani wawili, mmoja anakabidhi, mwingine anapokea. Anayekabidhi anasoma namba ya faili kwa sauti, mwenzake analifungua, anahesabu kurasa, anaitikia, anaweka tiki. Mkimaliza, wote mnatia sahihi. Hayo ndiyo makabidhiano. Nimehamisha masjala mara tatu na sijawahi kupoteza hata karatasi ya maombi ya likizo ya mtu.

Kompyuta ile ilipoanza kuzimika yenyewe nikapata nyingine, nyepesi, kioo chembamba. Ulikuwa na miaka tisa. Yoeli akasema, "Mzee Issa, nije nikuhamishie. Hizo barua zina mahali pake zinakokaa, zimejificha, si pale unapoziona." Nikamjibu, "Nimehamisha masjala nzima, sembuse barua za mke wangu?" Hilo ndilo nililosema. Ambalo sikulisema ni kwamba sikutaka macho yake yaone maneno yale niliyokuwa nayaruka nikikusomea wewe. Mama yako Rukia aliniandikia mambo ambayo hata sasa nikiyakumbuka nainamisha kichwa. Niliona wivu, Hawa. Niliwaonea wivu watu ambao hawajaona kitu.

Basi nikachukua ile alama ya bahasha pale kwenye kioo, nikaitia kwenye flashi. Ikaingia kufumba na kufumbua. Nikafurahi jinsi ilivyo nyepesi. Karani mzima, mtu ambaye akiona gari la mafaili limejaa kwa dakika moja angeuliza mengine yako wapi, mimi nikafurahi. Nilikuwa nimebeba kibao cha mlangoni nikidhani nimebeba nyumba. Sikufungua upande wa pili kuhesabu. Jioni ile ile Yoeli akaja, nikampa ile kompyuta, bibi yako, aifute, aisafishe, ampelekee anayeihitaji. Akaniuliza, "Una uhakika umetoa vyako vyote?" Nikamwambia, "Kijana, chukua."

Siku nne baadaye nikachomeka flashi. Bahasha ikagoma kufunguka. Nikaiweka programu upya, nikajiambia zitakuja zenyewe. Ikaniuliza jina langu. Ikaniuliza neno la siri. Nikajaza. Ikafunguka nyeupe kabisa, haina hata herufi. Nikachomeka modemu nikangoja mpaka bando likaisha, kwa sababu nilikuwa sijaelewa bado kwamba tiki niliyoitoa ilimaanisha kule nako hakuna kitu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wanasema. Mimi nilijifunza, ila kwa bei ambayo ulilipa wewe.

Nikamkimbilia Yoeli. Kompyuta alishaifuta, na ilishachukuliwa na dalali mmoja wa mahindi kule Kibaigwa, mama aliyeitwa Mama Neema. Nikapanda basi siku ile ile. Nikamkuta kwenye kibanda chake nyuma ya mizani, bibi yetu amewekwa juu ya magunia, anapiga muziki.

"Karibu baba. Unauza au unanunua?"

"Natafuta barua."

"Barua za nani?"

"Za mke wangu. Zilikuwa ndani ya hiyo kompyuta."

Akanitazama kama mtu aliyekimbiwa na mke. "Kwani mkeo yuko wapi?"

"Amefariki."

Akazima muziki. Akawaambia wateja wakae nje kidogo. Akanivutia kiti cha plastiki, akasema, "Tafuta baba. Hata mpaka jioni, tafuta."

Nilitafuta. Nilifungua kila kilichofunguka. Zilikuwepo nyimbo za kwaya, picha za ubatizo, na majina ya madereva wa malori. Yoeli alikuwa fundi mzuri, alisafisha vizuri. Nilipoinuka yule mama hakuniuliza nimepata nini. Alinifungia mahindi kwenye mfuko, akasema, "Kawapikie watoto." Tulisaga, ukala ugali ule, ukaniuliza mbona baba huli.

Nilikiandikia hata chuo alichosoma. Walinijibu kwa upole kwamba anuani yake ilifungwa baada ya msiba na vilivyokuwamo vimeondoka nayo.

Ikaja Jumapili. Ukaja na kigoda chako. "Baba, soma ya mama." Nikasema kompyuta mpya haijazoea. Jumapili iliyofuata ukaja tena, nikasema macho yananiuma. Ya tatu hukuja na kigoda. Ulisimama tu mlangoni, ukaniangalia, ukaondoka. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo ni zito kuliko kupoteza.

Jumamosi nilikwenda ofisini hakuna mtu. Nikakaa, nikaandika kila nilichokumbuka. Baiskeli, bata, yule bibi wa kufuma. Nikachapa, nikazitia kwenye faili la kijani, nikazipa namba kama tunavyofanya masjala. Nikakwambia, "Nimezichapa ili zisipotee." Hayo ndiyo maneno niliyotumia, Mungu anisamehe. Nilikumbuka tisa. Ukazisoma zote kwa siku mbili, kisha ukasema, "Baba, zilikuwa nyingi." Kweli zilikuwa nyingi. Basi ya kumi nikaitunga. Na ya kumi na moja. Mpaka zikafika kumi na tisa.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa nakwepa. Hukutaka faili la kijani, hilo unalo. Ulitaka zenyewe, zenye tarehe na jina lake juu. Ulisema, "Nataka nikifungua kule nione ameandika saa ngapi."

Nikwambie juu ya namba kumi na mbili, maana ndiyo uliyoinakili ukaibandika ukutani juu ya kitanda chako, na mkanda wa gundi umeshageuka rangi. "Hawa mwanangu, ukiwa na jambo na mimi siko karibu, mwambie baba yako. Anasikiliza hata akijifanya yuko kwenye redio."

Hiyo ni yangu. Mama yako hakuiandika.

Ulikuwa huzungumzi, Hawa. Tangu mazishi ulikuwa unaniambia ndiyo na hapana, na shikamoo asubuhi. Nilikuwa nakusikia unaongea na kuku uani lakini mimi hunipi neno. Sikujua namna ya kukuomba. Mwanamume wa umri wangu anamwombaje mtoto wa miaka tisa azungumze naye? Basi nikaazima mdomo wa marehemu.

Na ikafaa, ndiyo shida yake. Ulipokuwa na miaka kumi na tatu ulirudi kutoka shuleni umefunga sweta kiunoni na jua ni kali. Ukasimama mbele ya redio yangu. "Baba, mama alisema nikuambie wewe." Ukaniambia. Nikaenda mwenyewe duka la dawa, nikasimama kwenye foleni na wanawake, nikataja ninachotaka kwa sauti. Wakati narudi nilikuwa nalia barabarani, na si kwa aibu ya duka. Ulipofeli mtihani mwaka wa kwanza, ulikuja na yale yale: mama alisema. Ulipoachana na yule mwanajeshi wako, mama alisema. Kila ulipolitamka nilikuwa napata mtoto na hapo hapo namwibia mama yake.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu imekuwa ndefu, na ningeweza kuirefusha hadi kaburini kwangu. Asubuhi hii nilifikiria kukwambia kwamba laptopu imeshindwa kuzipokea. Ungeniamini. Lakini unakwenda nchi ya baridi, miaka miwili, kama yeye, na nimeshindwa kukuacha uende na maneno yangu kifuani ukidhani ni yake. Siku ukihitaji mama kule, umhitaji mama, si karani.

Kwa hiyo nimefanya leo makabidhiano ambayo sikuyafanya siku ile. Nimelifungua faili la kijani, nimesoma karatasi moja moja kwa sauti, humu ndani peke yangu. Palipo pake nimepiga mstari kwa penseli. Palipo pangu nimeacha. Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Hawa, kuna sentensi sizijui tena. Ile ya bata kutembea juu ya barafu, aliiandika yeye au niliona kwenye televisheni? Ile ya kwamba udongo una subira kuliko watu, inafanana naye sana, ila nahisi niliiweka mimi nikitaka ifanane naye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kupotea kwenyewe. Nimemchanganya mke wangu na mimi mpaka siwezi kumtoa.

Iliyo yake bila shaka ni moja, ile ya kwanza kabisa. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi, aliazima kompyuta ya mtu. "Nimefika. Baridi sana. Mwambie Hawa nimefika." Basi. Sikuichapa, haimo kwenye faili. Niliona ni ndogo mno kumpa mtoto mwenye njaa, nikakupa zangu ndefu. Nakukabidhi leo.

Laptopu iko tayari. Nilimwita Yoeli juzi ulipokuwa sokoni. Sasa ana duka lake na kitambi. Nikamwuliza kila kitu, hata maswali ya kitoto, naye akanijibu bila kunicheka. Aliniambia ile siku ya Kibaigwa haijawahi kumtoka. Programu imewekwa, anuani yangu imo, na pale penye tiki, acha nakala, tumeiacha mahali pake. Nimeikagua mara mbili. Kisanduku chenyewe ni kitupu, sikuhamisha kitu. Neno la siri utaliweka mwenyewe, mimi silitaki.

Barua hii nitaitia ndani ya faili la kijani, chini ya masweta. Stesheni sitakwambia lolote, nitabeba begi na kulalamika kwamba ni zito. Nitakuomba usifungue faili mpaka treni ipite Morogoro. Huo ni uoga, naujua, usinitafutie jina lingine. Sikuweza kukwambia huku ninaona uso wako, maana una paji lake.

Ukikasirika, kasirika. Ukiwa na haja ya kunyamaza mwaka mzima, nilishaishi na kimya chako mara moja na niliking'oa kwa hila. Safari hii nitakingoja hapa hapa, redio nimeizima. Kile kikaratasi cha ukutani nimekiacha, kibandue wewe au kiache wewe.

Nasikia geti. Shangazi yako anaongea, wewe unacheka.

Ukifika, mwanangu, niandikie neno moja tu, nimefika. Mengine ukininyima, sitayatunga.

Baba yako,
Issa